Madamu Apakwa Hina

Lewa Kombe hakuwa na gari. Hakuwa na mjukuu wa kuringia. Hakuwa na meno mawili ya chini, wala nywele za kuchana, wala rafiki wa kumpigia simu asiyekuwa na shida. Hakuwa na cheo tangu alipostaafu kazi uwanja wa ndege, alikokuwa akisimamia wapakuaji mizigo kwa filimbi. Na filimbi yenyewe waliidai, akairudisha. Subira hakuwa nayo. Haya hakuwa nayo. Masikio alikuwa nayo, tena makubwa, ila ya kusikia neno "hapana" hakujaliwa.

Alichokuwa nacho ni mbwa.

Wewe uliyesoma wiki jana unajua tulimwacha wapi: Changamwe, chumbani kwa daktari wa mifugo, kofia mkononi, na buldogi wake wa Kifaransa, Madamu, amelala juu ya meza ya bati, ulimi umegeuka zambarau. Daktari alikuwa amevua kifaa cha kusikilizia kifua na kusema maneno mawili tu: "Kaa chini."

Lewa hakukaa.

"Mimi ni mtu wa kusimama," alisema. "Nimesimama juu ya lami ya ndege umri wangu wote. Sema."

Daktari Velma, binti wa Likoni aliyefungua kazi yake juzi tu, alimwagia mbwa maji kidogo masikioni. Polepole ulimi ukaanza kurudi rangi yake.

"Mbwa wako hapumui, mzee."

"Hapumui vipi? Mtaa mzima wa Port Reitz unamsikia akipumua. Akilala anakoroma kama lori la mawe."

"Huko kukoroma ndiko kukosa pumzi. Tazama matundu ya pua yake. Yamebana, kama mtu aliyechora kwa ukucha tu akaacha. Na ndani, kaakaa lake refu linaning'inia juu ya koo kama pazia. Kila pumzi anaipigania."

"Aliyeniuzia aliniambia mkoromo ni alama ya damu safi."

"Aliyekuuzia alikuwa anauza."

Lewa alimtazama binti huyu kuanzia viatu vya raba mpaka nywele, akaona hakuna pa kumheshimu.

"Tuna onyesho Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Madamu ataingia uwanjani, majaji watamkagua, nami nitakubaliwa kuwa mwanachama kamili. Nipe dawa ya pua."

"Onyesho la saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Juani?"

"Kwani mbwa huonyeshwa chooni?"

"Basi nenda na jembe," alisema Velma, "ili usipate taabu ya kumrudisha."

Hilo lilimchoma Lewa, lakini binti alikuwa hajamaliza.

"Halafu kuna rangi. Kwa ninavyojua, rangi hii ya kijivu haikubaliwi maonyeshoni kwa mbwa wa aina hii. Uliza chama chako. Na hili tumbo silielewi. Mwache nimpime vizuri."

"Si kijivu. Ni bluu. Bluu adimu."

"Mzee, mwache nimpime tumbo."

Lewa alikwishambeba. Alitoka na mbwa kifuani kama mtu aliyenyang'anywa kiti harusini, na nyuma yake daktari akipaza sauti kwamba mbwa asitiwe kamba ya shingo, asitolewe juani, wala asiwekwe karibu na moshi au kitu chochote chenye harufu kali.

Ulisikia, msomaji? Chochote chenye harufu kali. Mimi na wewe tumesikia.

*

Nyumbani, mkewe Margaret alikuwa akipanga barafu zake za ukwaju ndani ya friza. Kwa barafu hizo, alizowauzia watoto wa shule, ndipo jikoni kulipokuwa kukiwaka moto, maana kiinua mgongo cha Lewa kilikwishageuka mbwa.

"Wasemaje huko?" aliuliza.

"Daktari hajui kazi."

"Kwa hiyo mbwa ni mgonjwa."

"Nimesema daktari hajui kazi."

"Nimekusikia, baba Nyale. Ndiyo nikajua mbwa ni mgonjwa."

Margaret alimpokea Madamu, akamlaza kwenye sakafu baridi mbele ya feni. Alikuwa na kawaida ya kumsema mbwa huyu kutwa, na kawaida nyingine, ya siri, ya kumpa mgongo wa samaki mume akiwa hayupo.

"Mwanao akipiga simu kutoka Doha anauliza mbwa hajambo, kisha ndiyo mimi," alisema. "Kanisani umewatangazia. Mchungaji ameliweka onyesho lako kwenye matangazo, baada ya mazishi na kabla ya kwaya. Utawaambia nini?"

"Sitawaambia kitu. Watakuja kuniona."

"Wakuone ukifanya nini?"

Lewa alitoka barazani, maana jibu lilikuwa la kitoto. Wanachama kamili wa Chama cha Wafuga Mbwa wa Mwambao husimamia uwanja siku ya onyesho. Huvaa utepe mkononi. Na shingoni huvaa filimbi.

Ndiyo hiyo. Mzee mzima, mjomba wa watu, alikuwa akitafuta filimbi.

Aliketi barazani, akavaa miwani, akafungua kanuni za chama kwenye simu. Alizisoma zote, maana Lewa ana sifa moja, haanzi kusoma kitu akakiacha njiani. Alisoma ada. Alisoma kwamba barua yoyote iliyofungwa, ikipelekwa kwa mwenyekiti, hufunguliwa mbele ya wanachama wote na kusomwa kwa sauti na katibu. Akaipita. Alisoma habari za masikio, yawe wima kama ya popo. Madamu alikuwa nayo. Akafika kwenye rangi za buldogi wa Kifaransa: biskuti sawa, nyeupe sawa, mabaka ya chui sawa.

Kijivu, iitwayo na wauzaji bluu: haikubaliwi.

Na chini kabisa, jina la aliyetia saini kanuni hizo. Tinga, katibu.

Lewa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tinga hakuondoka pale. Tinga ndiye aliyemuuzia Madamu.

Alimpigia papo hapo.

"Mzee Lewa," alisema Tinga, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Bluu wetu hajambo?"

"Bwana Tinga, wewe ndiwe uliyeandika kwamba kijivu haikubaliwi?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiwe uliyeniuzia kijivu?"

"Ndiyo," Tinga alicheka, wala si kwa ubaya, na hapo ndipo ilipouma. "Mzee wangu, nilidhani unataka mbwa wa nyumbani. Wa kupiga naye picha, majirani waone. Sikujua kama na nyinyi wa Port Reitz mnataka kuja uwanjani."

Nyinyi wa Port Reitz.

"Nitakuja," alisema Lewa, akakata simu.

Pale barazani alikaa akimtazama mbwa kupitia mlango. Kijivu. Hata akilazimisha jicho, kijivu. Pua hakuwa na la kuifanya. Rangi je? Watu wa mji huu hubadili rangi kila wiki ya harusi.

*

Kama kuna mkono uliopaka mabibi harusi wa Changamwe, basi ni wa Bi Mwanasaumu, jirani yao wa nyumba ya tatu. Lewa alibisha hodi mlangoni kwake baada ya sala ya alasiri, kofia mkononi.

"Nani?"

"Mimi, baba Nyale. Shikamoo, Bi Mwanasaumu."

"Marahaba, jirani. Umekuja na mbwa?"

"Nimemwacha."

"Basi karibu. Lakini usiketi mkekani, kwa hisani yako. Huko kwenu hupiti bila kulambwa na mbwa, na mkeka huu nausalia."

Lewa aliketi kwenye kigoda cha plastiki, magoti yakamfika kidevuni.

"Nataka hina."

"Alhamdulillahi. Nyale yuwaoa?"

"Hapana."

"Mama Nyale ana shughuli?"

"Hapana. Ni ya Madamu."

"Madamu ni nani?"

Lewa alitazama ukuta, penye kalenda ya duka la vitambaa. Bi Mwanasaumu akaelewa mwenyewe. Alifunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika.

"Subhanallah. Baba Nyale. Mimi nimepaka mabibi harusi, nikapaka na binti zao. Marehemu mume wangu nalimpaka ndevu mpaka siku ya kufa kwake. Leo waniletea mbwa?"

"Simleti. Nataka unielekeze tu. Nataka atoke rangi ya biskuti."

"Biskuti gani?"

"Ya kawaida. Ya chai."

Hapo Bi Mwanasaumu alilazimika kushika ukuta. Alipopata pumzi alipangusa macho, akakaa sawa, kazi ikiwa kazi.

"Sikiza. Mbwa simshiki, na bakuli langu halimgusi, wallahi. Lakini kukuelekeza hakuninajisi. Wachukua hina, waichunga. Waikanda kwa maji ya ndimu na chai ya rangi. Kisha watia mafuta ya mkaratusi, ndiyo yakolezayo. Matone tu, baba Nyale. Yana ukali yale. Mimi mwenyewe nikipaka watu hufungua madirisha ya chumba kizima."

"Matone," alisema Lewa.

"Matone. Na ukimaliza, usimwambie mtu kwamba ni mimi."

"Sitamwambia."

Alichofanya njiani kurudi ni hesabu ya kijinga ambayo ni mzee mwenye haraka tu anayeweza kuipiga. Ikiwa matone hukoleza, chupa itakoleza zaidi. Akapitia dukani, akanunua hina, na mafuta akanunua chupa nzima.

*

Alimsubiri Margaret aende mazoezi ya kwaya. Alimwingiza Madamu bafuni. Akafunga dirisha, mtaa usione. Akafunga mlango, mbwa asitoroke. Akamwaga chupa nzima ndani ya hina.

Na glavu hakuvaa. Unashangaa nini?

Madamu alisimama kwa adabu, maskini, akimtazama kwa yale macho yake ya mviringo. Lewa alimpaka mgongo, akampaka mbavu, akashuka miguuni, akiongea naye kwa sauti ambayo Margaret hakuisikia tangu siku za uchumba. Akamfunga mifuko ya plastiki mgongoni, kama mabibi harusi wanavyofungwa ili rangi ishike. Harufu ilikuwa imejaa mle bafuni hata macho yake mwenyewe yakatoka machozi. Alidhani ni fahari.

Kisha mkoromo ukanyamaza.

Nyumba ile haikuwa imekaa kimya tangu mbwa aingie. Lewa alitazama chini. Madamu alikuwa amekaa kitako, shingo ameinyoosha juu, mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka bila sauti. Akaegemea ukuta. Akateleza. Akaanguka ubavu.

"Madamu," alisema Lewa. "Simama. Simama, mama."

Hakusimama.

Mlango ulifunguliwa kwa bega. Margaret alikuwa amesahau kitabu cha nyimbo, akarudi, akakutana na harufu tangu langoni. Hakuuliza swali hata moja. Alipiga kiwiko dirisha likafunguka, akamnyanyua mbwa na mifuko yake, akamlaza barazani kwenye upepo, akaivuta ile plastiki kwa meno.

"Maji," alisema. "Lete ndoo. Mpigie daktari."

"Daktari gani?"

"Yule asiyejua kazi."

Walimwosha Madamu mbele ya mtaa wote. Maji ya machungwa yalitiririka mpaka barabarani. Margaret alikwenda kwenye friza, akatoka na barafu zake zote za ukwaju, mtaji wake wa wiki nzima, akazipanga kwapani mwa mbwa, mapajani na shingoni. Watu walijaa ukutani. Simu zilikuwa juu. Mmoja aliuliza kama ni biashara mpya, mwingine akauliza mahari ni ngapi.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Lewa Kombe alichekwa na hakutafuta jibu. Alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mbwa mapajani, akimpepea kwa kofia.

Velma alifika kwa pikipiki. Alichoma sindano, akamvisha Madamu kikombe cha hewa puani, akasubiri. Muda ulipita, siwezi kusema ni mwingi au kidogo. Kisha ukasikika mkoromo, mwembamba, mbaya, kama msumeno kwenye bati.

Margaret alikaa chini, akaanza kulia. Lewa naye alitazama upande wa pili.

"Sasa," alisema Velma, "nitampima lile tumbo, na mtu akinikataza nitamchoma sindano yeye."

Hakuna aliyemkataza. Vidole vyake vilipita taratibu chini ya mbavu, vikasimama, vikarudi.

"Ana mimba."

Lewa alimtazama Margaret.

"Usinitazame mimi," alisema Margaret.

"Amewahi kutoka peke yake tangu aje kwenu?" aliuliza Velma.

"Hata uani namtoa kwa kamba," alisema Lewa.

"Basi alikuja nayo. Mnisikilize vizuri, mama, na wewe mzee leo usikie. Mbwa wa aina hii kwa kawaida hawazai wenyewe. Vichwa vya watoto ni vikubwa, nyonga ni ndogo. Hupasuliwa. Na huyu, kwa pua hii, akiachwa azae mwenyewe atakufa. Akipasuliwa na mtu wa haraka asiyemjali atakufa vilevile. Akikaa kwenye baridi, akitulizwa, nikamwandaa mpaka siku yake, ana nafasi. Kumhamisha, hapana. Jua, hapana. Onyesho, hapana."

"Hapana," alisema Lewa.

Margaret aligeuka kumtazama. Ndoa yao yote, hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka upande ule kwa njia ile.

*

Picha ya mbwa wa rangi ya machungwa ilizunguka Kisauni na Likoni kabla ya jua kutua. Asubuhi yake, gari jeupe lilisimama langoni. Akashuka Tinga, viatu vinang'aa, na mkononi ana kamba, na kwenye kamba ana buldogi wa Kifaransa wa rangi ya biskuti ya chai, pua wazi, kifua mbele.

"Hodi hapa. Mzee Lewa, hongera, bwana," alisema, akiitazama mikono ya Lewa, iliyokuwa imekolea hina hadi kifundoni. "Bibi harusi ni wewe au ni mbwa?"

"Karibu," alisema Lewa.

"Sitaketi. Nimekuja kukusaidia. Nilikosea kukuuzia yule bila kukuuliza. Nimekuletea huyu. Rangi inakubalika, pua inakubalika. Jumamosi unaingia naye uwanjani, nasaini uanachama wako palepale, utepe na filimbi unavaa siku hiyohiyo." Akatoa filimbi mfukoni, ya chuma, mpya, akaining'iniza kidoleni. "Mimi namchukua yule bluu. Tunabadilishana tu, bila kuongeza kitu."

Sitakudanganya. Lewa aliitazama ile filimbi. Aliitazama muda mrefu. Mbwa wa biskuti alikaa miguuni pake kwa adabu, bila kukoroma. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu.

"Na yule utampeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Unajua ana mimba?"

Tinga alitabasamu, akaona haina haja ya kuficha mbele ya mtu kama huyu.

"Kijana wangu wa bandani ameniambia juzi kwamba alipandwa kabla hajaondoka. Ndiyo, najua. Hao ni bluu watupu, mzee wangu. Watu wananipigia simu kutoka kila upande."

"Wa kupiga nao picha."

"Wa kupiga nao picha," alicheka Tinga.

"Daktari anasema akizaa bila uangalizi atakufa."

"Madaktari wana maneno mengi. Nina mtu wangu wa kupasua, anamaliza upesi. Akifa, akishatoa watoto, hasara iko wapi? Yule hana pua. Hata wewe ulikuwa unamuua bure jana kwa hina, mimi angalau ningepata watoto."

Ndani ya nyumba, mbele ya feni, msumeno uliendelea kukata bati.

"Bwana Tinga," alisema Lewa, "rudi na mbwa wako."

"Fikiri."

"Nimefikiri."

Tinga aliirudisha filimbi mfukoni, na tabasamu lake likaenda nayo.

"Basi tuelewane. Nasikia wewe ni mtu wa kuandika barua. Ukifungua mdomo kwamba katibu anauza kijivu, nitawaonyesha picha ya mbwa uliyempaka rangi ili uwadanganye majaji. Utafungiwa milele. Na nani atamwamini mzee mwenye mikono kama hiyo?"

Akaondoka. Mbwa wa biskuti aligeuka mara moja kuitazama feni.

*

Margaret alikuwa amesimama nyuma ya pazia muda wote.

"Utanyamaza?" aliuliza.

"Akiniweza kwa lile la hina, nitanyamaza."

"Na anakuweza?"

"Ananiweza maadamu sijawaambia mimi mwenyewe."

Alivuta kiti, akatoa kalamu na karatasi nyeupe. Aliandika kwa mkono aliofunzwa darasa la jioni, herufi zimesimama kama wapakuaji mizigo mbele ya filimbi. Alipomaliza alimsomea mkewe, maana ilikuwa haki yake kuisikia kabla ya watu wote.

"Bibi Mwenyekiti. Mimi Lewa Kombe wa Port Reitz nilimpaka mbwa wangu hina kwa mikono yangu ili niwadanganye majaji wako. Nilikaribia kumuua. Nilitaka filimbi. Kwa hiyo sistahili uanachama, nami sitauomba tena, na picha mtakazoonyeshwa ni za kweli. Baada ya hayo nina la kusema, na sasa hakuna wa kunizuia kulisema. Mbwa huyu wa kijivu, asiyeweza kupumua, aliyekwishapandwa, niliuziwa na katibu wako, aliyeandika kwa mkono wake kwamba kijivu haikubaliwi. Leo alikuja kumtaka tena ili azae wengine, na alisema mbele yangu kwamba akifa si hasara. Muulize anao wangapi bandani. Muulize wanapumua vipi. Madamu haji onyesho. Yuko kwenye feni."

Margaret aliinamia ile karatasi.

"Kanisani watakucheka," alisema.

"Wameanza tangu jana."

"Na hapo penye filimbi, usipafute."

"Sikukusudia kupafuta."

Aliikunja karatasi mara tatu, akaitia bahashani. Juu akaandika jina la mwenyekiti, na chini yake: ifunguliwe mbele ya wanachama wote, kama kanuni zinavyotaka. Margaret akasoma akiwa nyuma ya bega lake.

"Kanuni zinataka nini?"

"Mwenyekiti anavunja gundi mbele ya watu."

"Na nani anasoma?"

"Katibu," alisema Lewa. "Kwa sauti."

Margaret alimtazama mumewe, yule mzee bila meno mawili, na taratibu mdomo wake ukaanza kufunguka. Akaichukua bahasha, akailamba gundi yeye mwenyewe, akamrudishia aibane. Lewa alibana kwa kidole gumba. Alipokiondoa, pale kwenye kifuniko palibaki alama ya hina, ya machungwa, kila mstari wa kidole ukionekana.

Alitoka langoni akamsimamisha mwenye pikipiki.

"Nyali, kwa mwenyekiti. Mpe mkononi mwake. Si langoni, si kwa mlinzi, na mtu aitwaye Tinga akikuomba akusaidie kuibeba, usimpe."

Mwenye pikipiki aliitazama ile alama, akaitazama mikono ya mzee, akameza kicheko. Aliitia bahasha ndani ya koti, akavuta zipu hadi kidevuni, akaondoka nayo.